Mbuga Ina Wenyewe

Vitabu vya kuongozea wageni katika majimbo matatu ya Prairi ya Kanada, yaani Alberta, Saskatchewan na Manitoba, hupanga vivutio vyake kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo ya nje: kupiga kambi, kutembea kwa miguu mabondeni, kupanda farasi, kupiga makasia mtoni, kuvua samaki kupitia tundu la barafu wakati wa baridi, kutazama ndege mchana na nyota usiku. Fungu la pili ni la utamaduni: makumbusho, ngome za zamani za polisi, rodeo, vijiji vya wahamiaji kutoka Ukraine, na ngoma za wenyeji asilia ziitwazo powwow. Mgeni anaweza kuchagua fungu moja akaliacha la pili, na hakuna atakayemuuliza. Kwa juu juu mpango huu hauna ubaya. Mimi nasema umebeba kosa zito, kwa sababu unatenga vitu ambavyo katika nchi ile havikupata kutengana hadi vilipotenganishwa kwa sheria na kwa njaa. Na ikiwa ni hivyo, basi anayekwenda kustarehe katika mbuga zile anapaswa kupokelewa na wenye mbuga, nao wawe na mamlaka halisi ya kuamua mgeni aonyeshwe nini, aongozwe na nani, na apitishwe wapi.

Tuanze na nyasi zenyewe, maana hapo ndipo dhana ya kwamba mbuga ni kazi ya maumbile peke yake huanza kuporomoka. Ni kweli kwamba ukame, baridi kali na upepo huzuia miti kumea sehemu kubwa ya nchi ile. Lakini pembezoni mwa mbuga, hasa upande wa kaskazini ambako mvua ni nyingi kidogo, miti iko tayari wakati wote kusonga mbele na kuzimeza nyasi. Kilichoirudisha nyuma kwa maelfu ya miaka ni moto na malisho. Radi iliwasha baadhi ya mioto hiyo, lakini mingi iliwashwa na watu kwa makusudi, kwa kuwa walijua kwamba sehemu iliyoungua huota majani mabichi mapema, na majani mabichi huvuta baisani, yule mnyama mkubwa mwenye nundu na manyoya mazito aliye jamaa wa nyati na ng'ombe. Nyasi za mbuga hustahimili moto kwa sababu sehemu kubwa ya uhai wake iko chini ya ardhi, katika mizizi. Wawindaji waliichoma mbuga wakijua hayo, na mbuga ikawalisha. Leo wataalamu wa Hifadhi ya Taifa ya Grasslands, kusini mwa Saskatchewan, huwasha mioto ya kupangwa ili kuirudishia nchi hali yake. Huo ni ushahidi kutoka kwa wanasayansi wenyewe kwamba uzuri anaoufuata mtembea kwa miguu ulitunzwa na mikono ya watu.

Ushahidi wa pili unapatikana karibu na mji wa Fort Macleod, Alberta, mahali panapoitwa Head-Smashed-In Buffalo Jump. Kwa macho ya haraka ni genge tu la mwamba, lenye urefu wa kama mita kumi, linalotazama uwanda mpana. Lakini chini yake mifupa, mawe ya mishale na majivu vimerundikana kwa tabaka nene, na umri wa kazi iliyofanyika hapo unakaribia miaka 6,000. Kazi yenyewe ilihitaji akili na ushirikiano wa hali ya juu. Nyuma ya genge kuna bonde pana la malisho ambamo makundi ya baisani yalikusanywa. Kutoka bondeni kuelekea gengeni wawindaji walijenga mistari mirefu ya marundo ya mawe ili kulielekeza kundi. Vijana waliojifunika ngozi ya ndama walitangulia mbele wakiigiza ndama aliyepotea, ili majike wawafuate. Wengine waliovaa ngozi za mbwa mwitu walisukuma kwa nyuma. Ilibidi mtu ajue upepo unavuma kutoka wapi, jike kiongozi ana tabia gani, na ni wakati gani hasa wa kulitia kundi hofu ili likimbie bila kujali lililo mbele. UNESCO ililitia genge hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Sasa mgeni anayesimama juu yake na kusifu mandhari bila kuelezwa hayo ameona nini? Ameona upepo na majani. Mistari ya mawe atairuka asijue kwamba ni kazi ya mikono, na bonde ataliona kama nafasi tupu, ilhali mandhari yote ile ni mtambo mmoja mkubwa uliobuniwa na binadamu.

Dhana ya nafasi tupu ina historia yake, na ni lazima niieleze hata kama haipendezi masikioni mwa mtu aliye likizoni. Mwanzoni mwa karne ya 19 baisani wa Amerika Kaskazini walihesabiwa kwa makadirio ya makumi ya mamilioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki chini ya elfu moja. Biashara ya ngozi, bunduki, reli na uchinjaji usio na kiasi viliwamaliza katika muda wa kizazi kimoja. Watu waliowategemea kwa chakula, mavazi, mahema na ibada wakaingia katika njaa katika miaka ileile serikali ya Kanada ilipokuwa ikitia nao saini mikataba ya ardhi: Mkataba wa 4 mwaka 1874, wa 6 mwaka 1876, wa 7 mwaka 1877. Baada ya upinzani wa watu wa Métis, yaani uzao wa wenyeji asilia na Wazungu, na wa baadhi ya wenyeji kuzimwa huko Batoche mwezi Mei 1885, ulianzishwa utaratibu wa vibali. Mwenyeji hakuruhusiwa kutoka katika eneo alilotengewa mpaka afisa wa serikali amwandikie hati, na utaratibu huo uliendelea kwa miongo kadhaa ingawa haukuwa na msingi wowote katika sheria iliyotungwa na bunge. Mwaka 1895 sheria ya Kanada kuhusu wenyeji ilipanuliwa, na makatazo yake yakagusa ibada kuu za watu wa mbuga, ikiwemo Ngoma ya Jua, na makatazo hayo yaliondolewa mwaka 1951 tu. Kwa hiyo ukimya ambao mgeni wa leo anausifu katika mbuga zile haukuwa ukimya wa asili. Ulitengenezwa, na wako wazee waliozaliwa ukiwa bado unatengenezwa.

Wala starehe za nje hazikusimama kando ya matendo hayo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Riding Mountain, Manitoba, watu wa Keeseekoowenin, jamii ya Waojibwe, walikuwa na eneo lao la uvuvi kandoni mwa ziwa la Clear Lake, lililotambuliwa rasmi na serikali tangu mwaka 1896. Hifadhi ilipoanzishwa na ufukwe wa ziwa kutengenezwa kuwa mahali pa mapumziko, wakaonekana hawana nafasi tena. Mwaka 1936 walihamishwa, na nyumba zao zikachomwa moto. Ardhi hiyo ilianza kurudishwa kwao katika miaka ya 1990. Naitaja Riding Mountain kwa sababu inajibu wale wanaosema kwamba burudani haina siasa. Pale watu walitolewa ili wageni wapate pa kuogelea.

Sasa natoka katika hasara kwenda kwenye kile ambacho kimeokolewa, na hapa ndipo hoja yangu inapata nguvu zaidi. Mtu akienda leo Grasslands na kuwaona baisani wakilisha, atasikia kwamba walirudishwa na shirika la hifadhi za taifa, na ni kweli: wanyama 71 waliletwa mwezi Desemba 2005 kutoka Hifadhi ya Taifa ya Elk Island, karibu na Edmonton. Lakini wale wa Elk Island walitoka wapi? Mizizi ya kundi hilo ni ununuzi ambao serikali ya Kanada ilianza kuufanya mwaka 1907 kwa Michel Pablo, mfugaji wa Montana ambaye mama yake alikuwa mwenyeji asilia, na kundi la Pablo lilitokana na ndama waliookolewa na wenyeji wakati wengine wote walipokuwa wakichinja. Maana yake ni kwamba mnyama anayepigwa picha na mgeni kama alama ya maumbile yasiyoguswa yupo hai kwa sababu kuna familia za wenyeji zilizoamua kumtunza. Toa utamaduni katika hadithi hiyo, na mnyama mwenyewe anatoweka.

Kutoka Grasslands uzi huo unafika Wanuskewin, nje kidogo ya jiji la Saskatoon, na pale pana jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Bonde la kijito cha Opimihaw lilikuwa shamba la mkulima hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale mwanaakiolojia Ernest Walker alipoanza uchimbaji uliofunua makambi, magenge ya kuulia baisani na duara la kale la mawe matakatifu. Mabaki hayo yanaonyesha kwamba watu walikaa na kupita pale kwa zaidi ya miaka 6,000. Wazee wa jamii za wenyeji walishirikishwa katika kuamua mahali pale pawe nini, na mwaka 1992 bustani ya urithi ikafunguliwa kwa umma. Mwezi Desemba 2019 baisani walirudishwa humo, baadhi yao wakitoka Grasslands. Miezi michache baadaye, mwaka 2020, wanyama hao walipokuwa wakijigaragaza vumbini, kama ilivyo desturi yao, walikwangua nyasi na kufunua jiwe lililochongwa mistari ya mbavu za baisani. Yakapatikana mawe manne yaliyochongwa, pamoja na kifaa cha jiwe kilichotumika kuchongea. Wataalamu walikuwa wamefanya kazi katika bonde lile kwa takriban miaka 40 bila kuyaona. Sitaki kulifanya tukio hilo kuwa muujiza, ingawa nawaelewa wazee walioliona hivyo. Linatosha likiwa ushahidi tu: mnyama aliporudi kwenye nchi yake, maarifa yaliyomhusu yalirudi pamoja naye, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kama ugunduzi ule ni wa fungu la maumbile au la utamaduni.

Wanuskewin ina njia za kutembea, ina mahali pa kulala katika mahema ya asili, ina jiko linalopika vyakula vya wenyeji, na wakati wa baridi watu hutembea juu ya theluji kwa viatu vipana. Yote hayo ni burudani ya nje kwa maana kamili. Tofauti yake ni kwamba mgeni anaongozwa na watu ambao bonde lile ni lao kwa kumbukumbu. Hali kama hiyo ipo Writing-on-Stone, kusini kabisa mwa Alberta, ambapo Mto Milk unapita kati ya nguzo za mawe ya mchanga zilizochorwa na kuchongwa na mababu wa watu wa Blackfoot. Mahali hapo waliyaita Áísínai'pi, na ndilo jina lililotumiwa UNESCO ilipopaorodhesha mwaka 2019. Mtu anaruhusiwa kupiga kambi na kuogelea mtoni, lakini sehemu yenye michoro mingi imefungwa kwa wanaotembea peke yao. Huingiwa kwa kufuatana na kiongozi tu. Wapo wanaoliona hilo kama pingamizi dhidi ya uhuru wao. Mimi naona ndiyo tafsiri sahihi ya ukarimu, kwani hata katika mila zetu mgeni hukaribishwa barazani kwanza, na mwenye nyumba ndiye asemaye ni chumba kipi kifunguliwe.

Zipo hoja kinzani, na nyingine ni nzito. Ya kwanza husema kwamba kuwapa wenyeji kazi ya kupokea wageni ni kuugeuza utamaduni wao kuwa maonyesho ya kuuza. Historia inaipa hoja hii uzito. Tamasha la Calgary Stampede lilipoanza mwaka 1912, waandaaji walitaka wenyeji waje na mavazi yao ya fahari, wapande farasi na kuandamana mbele ya umati, na walikuja. Katika miaka hiyohiyo ibada zao zilikuwa zimepigwa marufuku, na mwaka 1914 sheria ikaongezwa makali: mwenyeji wa majimbo ya magharibi alihitaji ruhusa ya afisa wa serikali kucheza ngoma nje ya eneo lake akiwa amevaa mavazi ya asili. Yaani ngoma ilifaa ikiwa burudani ya wengine, ikawa kosa ikiwa sala ya wenyewe. Hata hivyo, wanahistoria na wenyeji wenyewe wameeleza jinsi familia zilivyoutumia uwanja wa Calgary kukutana, kushona mavazi, kufundisha watoto nyimbo na kupata ruhusa ya kusafiri ambayo wasingeipata kwa njia nyingine. Tukilitazama jambo hilo vizuri, ubaya haukuwa kuonekana na wageni. Ubaya ulikuwa kwamba mwingine ndiye aliyeamua lini, wapi na kwa sharti gani. Kwa hiyo dawa ya maonyesho ya kulazimishwa ni kuhamisha uamuzi, na jamii ikiamua kwamba sherehe fulani haina mgeni, basi mlango ufungwe na jambo liishe.

Hoja ya pili inatoka kwa mgeni mwenyewe. Anasema amefanya kazi mwaka mzima, anataka hewa safi, na hakulipia hotuba juu ya dhambi za watu wa karne ya 19. Haja yake ya kupumzika ni ya haki, na naiheshimu. Lakini mapumziko hayapungui kwa kuelewa. Anayetembea Batoche, kando ya Mto Saskatchewan ya Kusini, huku akijua kwamba Louis Riel na Gabriel Dumont waliongoza watu wao wa Métis pale, kwamba mistari ya mashamba membamba yanayoshuka hadi mtoni ndiyo waliyokuwa wakiitetea, na kwamba Riel alinyongwa Regina tarehe 16 Novemba mwaka uleule wa 1885, mto wake ni uleule na upepo wake ni uleule, ila kila kichaka sasa kina sababu ya kuwa hapo. Watu wa Métis hukusanyika Batoche kila Julai kwa muziki wa fidla, dansi, mashindano ya farasi na ibada. Hawakai siku zote wakilia. Wanaodhani kwamba ukweli wa mahali utawanyima wageni furaha hawajatazama jinsi wenyewe wanavyofurahi wakiubeba.

Ya tatu ndiyo inayonifikirisha kuliko zote. Nani hasa ni mwenye mbuga? Wakulima waliopewa ekari 160 kwa ada ya dola 10 chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1872, Waukraine walioanza kuwasili mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wadukhobori waliokimbia mateso Urusi mwaka 1899, wote hawa wamezika wazazi wao katika udongo ule, na makanisa yao yenye kuba pamoja na maghala marefu ya nafaka kando ya reli ni sehemu ya sura ya nchi. Isitoshe, wafugaji wa ng'ombe wanaweza kusema kwa haki kwamba wao ndio waliozuia jembe. Sehemu kubwa ya nyasi za asili imekwisha kulimwa, na nyingi ya zilizobaki zipo kwa sababu ng'ombe walikuwa wakilishwa juu yake, ikiwemo kwenye malisho ya pamoja ambayo serikali kuu iliyaanzisha baada ya ukame wa miaka ya 1930 na kuamua mwaka 2012 kujivua usimamizi wake. Nayakubali haya yote. Kuwa mwenye mbuga, kwa maana ninayoitumia, kunapimwa kwa utunzaji unaoendelea, na mfugaji anayejua ni lini ahamishe ng'ombe ili nyasi zipumzike anaelewa jambo ambalo mchomaji moto wa kale alilielewa. Lakini madai hayalingani. Mfugaji hakuwahi kuomba kibali cha kutoka nyumbani kwake, wala kanisa la Kiukraine halikupigwa marufuku kwa miaka zaidi ya 50. Kijiji cha Urithi wa Kiukraine kilichopo mashariki mwa Edmonton, jirani kabisa na Elk Island, kinasimulia vizuri maisha ya wahamiaji hadi mwaka 1930. Kinachodaiwa ni kwamba hadithi ya waliokuwapo kabla ya hapo isimuliwe kwa rasilimali zisizopungua hizo, na waisimulie wao.

Wapo pia wanaotuonya kwamba wageni wengi wataziharibu nyasi, na wanataka hifadhi ziachwe bila watu kabisa. Onyo lao lina msingi: Grasslands ndiyo makao pekee nchini Kanada ya mnyama mdogo wa jamii ya kindi, achimbaye mashimo na kuishi kwa makundi makubwa, na mguu wa mtu au gurudumu la gari pasipostahili huleta madhara. Lakini fikra ya kwamba hifadhi nzuri ni ile isiyo na watu ndiyo iliyowachomea nyumba watu wa Clear Lake, na haikuishia Amerika. Wazo la hifadhi kama nchi isiyokaliwa lililotangulia kutumika katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, mwaka 1872 ndilo lililofika Serengeti, ambako Wamasai waliondolewa mwaka 1959 na kuelekezwa Ngorongoro, ingawa uwanda ule ulikuwa umelishwa na kuchomwa kwa mpango na wafugaji kwa vizazi vingi. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuvuka bahari kuelewa ninachosema. Wanachoweza kukichukua kutoka Prairi ni mfano wa namna ya kurekebisha: mwezi Septemba 2014, huko Montana, mataifa ya wenyeji kutoka pande zote mbili za mpaka wa Kanada na Marekani yalitia saini Mkataba wa Baisani, yakiahidiana kumrudisha mnyama huyo katika ardhi zao na kushirikiana katika utafiti, elimu na utamaduni unaomzunguka. Mataifa mengine yameendelea kujiunga tangu hapo. Mkataba huo haukuandikwa kwa ajili ya watalii, na nadhani ndiyo sababu utawafaa: bodi za utalii za majimbo yale zinapaswa kuusoma kabla ya kuchora njia mpya hata moja, kisha ziwaulize waliousaini njia hiyo ipite wapi.